Kazi ya Kujitolea na Ufunguo wa Ghala

Mwalimu wa leo anapoketi kuandika andalio la somo hakosi kukutana na kazi za watu asiowajua, waliozitoa bure. Mchoro wa mzunguko wa maji, hadithi fupi ya Darasa la Pili, zoezi la sehemu, ramani ya mito: vyote hivi huvipata katika tovuti zisizo na tajiri wala mshahara. Nyingi huendeshwa na watu wanaojitolea, nazo zimejengwa kwa programu huria, yaani programu ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi kwa kila apendaye kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Katika chuo chetu tumelitumia jukwaa moja la namna hiyo kwa muda wa miaka sita. Tumelichangia masomo, tumetafsiri vitufe vyake kwa Kiswahili, na tumewapeleka huko wanachuo wetu kila mwaka. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa wengi wanaoliendesha ni watu wema, na kwa kuwa maradhi tutakayoyaeleza si yake peke yake. Tunalotaka kusema ni kwamba maradhi hayo hayatokani na uvivu wala ubaya wa watu. Yanatokana na ukosefu wa utaratibu wa uongozi, nao ukosefu huo umejificha nyuma ya neno "kujitolea". Yafaa mwalimu mwanafunzi ayafahamu kabla hajaliegemeza darasa lake juu ya kazi hizo.

Wazo lenyewe ni zuri, na matunda yake yanaonekana. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa huru kuzitumia na kuzibadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux, ambacho leo kimo ndani ya kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanachuo. Wikipedia ilianza Januari 2001, na ile ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Nasi hatukuwa watazamaji tu: mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye maandishi ya Kiswahili, kutokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi asidhani mtu kwamba tunayapinga mambo haya. Tunalalamika kama alalamikavyo mwanakijiji juu ya kisima anachokunywa maji yake.

Jukwaa tunalolizungumzia lina watu wa daraja tatu. Wako wachangiaji, ambao ni sisi na wenzetu wa nchi nyingi. Wako wakaguzi, ambao husoma michango na kuipitisha au kuikataa. Juu yao wako wachache wanaoweza kufuta, kufunga ukurasa na kumzuia mtu asiandike. Wikipedia ya Kiswahili huwaita watu wenye madaraka ya namna hiyo wakabidhi, nasi tutalitumia neno hilo, kwa sababu linakumbusha kwamba mali waliyoishika ni ya amana. Katika jukwaa letu wakabidhi walikuwa wanne, na wawili kati yao ndio waliokuwa na neno la siri la seva. Je, mtu huwaje mkabidhi? Ukurasa wa kanuni ulisema: kwa kuaminiwa na jumuiya. Katika miaka yote sita hatukuona mtu yeyote akichaguliwa, wala hatukuona mtu akiulizwa ameitumiaje amana yake.

Tuanze na jambo dogo. Wakufunzi wa hisabati walitayarisha somo la kutoa kwa kuchukua: 52 toa 27, kwa vijiti vilivyofungwa makumi makumi, fungu moja linafunguliwa ili mamoja yapate kutosha. Somo hilo lilikuwa limejaribiwa katika shule yetu ya mazoezi mara tatu na kurekebishwa. Tulilituma jukwaani, tukaambiwa lasubiri mkaguzi. Lilisubiri majuma kumi na moja. Juma la kumi na mbili ulikuja ujumbe kwamba ombi letu limefungwa "kwa kukosa shughuli". Tulipouliza shughuli ipi iliyokosekana, tuligundua kwamba ujumbe haukuandikwa na mtu. Iko programu ndogo inayopita kila usiku na kuyafunga maombi yote ambayo hayakuguswa kwa siku kadhaa. Aliyepaswa kuligusa ombi letu ni mkaguzi, hakuligusa, na kwa sababu hakuligusa, sisi ndio tuliohesabiwa kuwa tumelitelekeza! Programu za namna hii hutumika katika miradi mingi huria duniani, na tunaelewa sababu yake, kwani maombi huja kwa mamia na wasomaji ni wachache. Lakini mwalimu anayelisahihisha daftari la mtoto kwa kulitupa, eti kwa sababu yeye mwenyewe amechelewa kulisahihisha, tungemwitaje?

Jambo la pili lilihusu lugha. Katika kutafsiri vitufe, kile kinachompeleka mtu kwenye ukurasa wa kwanza tulikiita "Mwanzo". Siku moja tulikikuta kimegeuzwa kuwa "Nyumbani". Aliyekigeuza alikuwa mkabidhi asiyejua Kiswahili, aliyelitazama neno la lugha yake katika kamusi ya mashine. Tulirudisha "Mwanzo", akarudisha "Nyumbani", kisha akaufunga ukurasa wa tafsiri ili kuzuia ugomvi. Mwanachuo wetu mmoja akiwa katika mazoezi ya kufundisha aliwaambia watoto wa Darasa la Nne wabonyeze "Nyumbani", na mtoto mmoja akauliza kwa adabu zote, "Nyumbani kwa nani, mwalimu?" Tulicheka sana katika chumba cha wakufunzi. Hata hivyo kitufe hicho kilikaa hivyo kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuna msemaji wa Kiswahili hata mmoja aliyekuwa na uwezo wa kukibadili katika jukwaa linalojitangaza kuwa la watu wote.

Tulishauriwa tupeleke malalamiko kwenye mkutano wa jumuiya. Mkutano ulikuwa kwa njia ya sauti, saa kumi na mbili jioni kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Wawili wetu waliamka, wakawasha kompyuta kwa taa ya chemli kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, wakasikiliza dakika ishirini hata betri ikaisha. Maamuzi, walituambia baadaye, yalifikiwa kwa maafikiano. Sisi hatuyakatai maafikiano. Wazee wetu wamekaa chini ya miti wakayatafuta tangu zamani. Ila chini ya mti kila mtu humwona mwenzake, na anayekaa kimya huulizwa kwa nini yu kimya. Maafikiano ya jukwaani ni ya wale walioweza kubaki macho na ambao mtandao wao haukukatika.

Lililotuuma zaidi ni la mwanachuo mmoja, binti wa Pangani, ambaye katika mwaka wake wa pili alichora kadi sitini za kufundishia silabi. Alichagua vitu anavyovijua mtoto wa pwani: *nga* ya ngalawa, *de* ya dema, *ke* ya mkeka. Michoro ilikuwa safi, mistari minene inayoweza kunakiliwa kwa mkono ubaoni, kama tunavyofundisha. Tulimhimiza azitume jukwaani ili shule nyingine zifaidike. Siku ya tatu zilifutwa zote sitini, na mahali pa sababu paliandikwa maneno mawili: "Haina ubora." Aliandika kuuliza ni ubora gani uliopungua, apate kurekebisha. Hakujibiwa. Aliandika tena, na safari hii aliambiwa kwamba suala limekwisha kufungwa. Huenda mkaguzi hakuijua dema ni mtego wa samaki, akadhani picha ni ya tenga lililochorwa vibaya. Huenda sababu ilikuwa nyingine kabisa. Binti yule sasa anafundisha, kadi zake ziko darasani kwake na watoto wanasoma kwazo. Lakini tulipomwomba mwaka jana atupe nyingine za kuwashirikisha wenzake, alijibu kwamba atatupatia sisi kwa mkono, jukwaani hatatuma tena kitu. Katika hesabu za jukwaa hasara hiyo haionekani popote, maana mtu aliyeacha kuchangia haachi nafasi tupu inayoweza kuhesabiwa.

Kisha likaja la seva. Katikati ya mazoezi ya kufundisha, wanachuo wakiwa wametawanyika katika shule za wilaya mbili, jukwaa lilizimika. Halikuonekana kwa majuma matatu. Ada ya jina la tovuti ilikuwa ikilipwa na mkabidhi mmoja kutoka mfukoni mwake. Alikuwa amebadili kadi yake ya benki, na barua za kumkumbusha zilikwenda kwenye anwani aliyokwisha kuiacha. Mwenzake mwenye neno la siri la pili alikuwa amepata mtoto na hakuwa akifungua kompyuta. Hatuwalaumu hata kidogo kwa mambo haya ya maisha. Tunachouliza ni kwa nini mali ya maelfu ya walimu ilining'inia kwenye kadi moja ya benki, na kwa nini hapakuwa na mtu wa tatu.

Jibu lililotolewa kwa kila swali letu lilikuwa moja: "Sisi tunajitolea tu." Jibu hili lina ukweli ndani yake, nasi tungekosa haki tusipoueleza. Mwezi Aprili 2014 iligunduliwa kasoro kubwa iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda siri za mawasiliano katika sehemu kubwa ya tovuti za dunia, za mabenki zikiwamo. Ndipo watu walipojua kwamba programu hiyo iliyotegemewa na matajiri wote ilikuwa ikipata michango ya karibu dola 2,000 kwa mwaka, na ilitunzwa na watu wachache mno. Kisa cha mwaka 2024 ni kizito zaidi. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilikuwa imetunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, kwa kujitolea. Watu wasiojulikana walianza kumwandikia barua za lawama: mbona unachelewa, mbona huwapi wengine nafasi. Wakati huohuo mchangiaji mmoja mwenye bidii na upole alikuwa akimsaidia kazi, na mwishowe alikabidhiwa madaraka. Mchangiaji huyo, ambaye jina lake la kweli halijajulikana, alipenyeza ndani ya programu mlango wa uani wa kuwaingiza wezi katika kompyuta za watu. Uligunduliwa mwezi Machi na mhandisi Andres Freund, aliyeshuku kwa sababu kuingia katika kompyuta yake kulichelewa kwa nusu sekunde hivi.

Kwa hiyo, mwanachuo anayetaka kumwandikia mkaguzi maneno makali usiku wa manane azingatie kwamba upande wa pili yuko mtu aliyechoka, asiyelipwa, ambaye pengine amepokea barua kumi za namna hiyo siku hiyohiyo. Nasi tulijizuia mara nyingi. Lakini tazama tena kisa cha xz. Uchovu wa yule mtunzaji ulikuwa hatari kwa sababu hapakuwa na utaratibu wa kumpata msaidizi aliyepimwa, wala wa kumpumzisha. Kujitolea kwake ndiko kulikodai utaratibu zaidi. Anayesema "tunajitolea tu" kana kwamba ndilo jibu la swali "nani anaamua?" amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Mara mbili tulipewa jibu jingine: kama hampendi, chukueni nakala mwende zenu. Kweli, leseni za programu huria zinaruhusu jambo hilo, nalo ni kinga kubwa dhidi ya udhalimu. Waliokuwa wakitengeneza OpenOffice walijitenga mwaka 2010, baada ya kampuni iliyoishika kununuliwa na nyingine, wakaanzisha LibreOffice, ambayo hata leo inastawi. Lakini wale walikuwa wahandisi, wenye seva na wafadhili. Chuo kimoja cha ualimu, chenye maabara ya kompyuta kumi na nane ambazo sita hazifanyi kazi, kitakwenda wapi na nakala yake? Kumwambia mtu asiye na jembe kwamba yu huru kulima kwingine ni kumfukuza kwa maneno matamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwandishi wa Marekani, Jo Freeman, aliyekuwa katika harakati za wanawake, alionyesha kwamba kikundi kinachojigamba kuwa hakina viongozi huwa nao vilevile, ila hawaonekani, na kwa kuwa hawaonekani hawawezi kuulizwa wala kuondolewa. Hatujapata maelezo yanayolifaa jukwaa letu kuliko hayo, ingawa yaliandikwa kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika milima ya Upare watu wamechimba mifereji na kujenga ndiva za kukusanyia maji kwa msaragambo tangu enzi za mababu. Kazi ilikuwa ya wote na hapakuwa na mshahara. Lakini yuko aliyeijua siku ya kufungua ndiva, iko zamu ya maji, na asiyefika kazini hutozwa faini. Nani angethubutu kumjibu mwenye shamba lililokauka, "Samahani, tulikuwa tunajitolea tu"?

Miradi huria iliyokomaa imelitambua hili. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijitungia katiba mwaka 1998. Kila mwaka watengenezaji wake humchagua kiongozi kwa kura, na katiba inawaruhusu kuutengua uamuzi wake kwa kura. Lugha ya programu iitwayo Python iliongozwa kwa miaka mingi na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, ambaye wenziwe walimwita kwa mzaha dikteta mwema wa maisha. Mwezi Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya badiliko moja, alijiuzulu, na wala hakumteua mrithi. Watengenezaji walikaa wakatunga mipango kadhaa ya uongozi, wakaipigia kura, na mwaka 2019 wakachagua baraza la kwanza la watu watano. Kazi haikusimama. Wote hawa wamo katika kujitolea kama wakabidhi wetu, na wengi wao wana shughuli zao za mchana.

Sasa tuingie darasani, kwani hapa ndipo mwalimu mwanafunzi atakapokutana na jambo hili kwa uso wake. Mwaka uliopita mwanachuo mmoja alianzisha gazeti la ukutani na Darasa la Sita katika shule ya mazoezi. Alilitangaza kuwa ni gazeti la wote: kila mtoto aandike, kila mtoto asome. Kiranja wa darasa alikabidhiwa kopo la pini. Juma la kwanza ukuta ulijaa. Juma la pili ziliachwa insha za watoto wanne tu, nao ni marafiki wa kiranja; nyingine zilikuwa katika dawati lake, hazijakataliwa wala hazijabandikwa. Mwanachuo alikuja kwetu akitaka kumwondoa kiranja. Tulimshauri asimwondoe, kwa kuwa atakayefuata angefanya yaleyale. Awaketishe watoto watunge kanuni. Walibishana vipindi viwili vizima (kipindi cha pili kilikuwa cha Kazi za Mikono, na mwalimu wake hakufurahi). Wakaafikiana hivi: kopo la pini libadili mkono kila Jumatatu, kwa kura. Anayeondoa insha ukutani aandike sababu, atie na jina lake. Insha iliyoletwa ikakaa hadi Ijumaa bila kujibiwa, mwenyewe aibandike.

Kanuni hii ya mwisho ilipendekezwa na mtoto mkimya anayeketi dirishani, ambaye insha yake ya kuku wa bibi yake ilikuwa imelala dawatini siku tisa. Tunashauri kila mwanachuo alijaribu zoezi hili, ila asiwape watoto kanuni zilizokwisha tungwa. Aache kwanza kopo la pini likae mikononi mwa mtu mmoja juma zima au mawili, hata watoto wenyewe waanze kunung'unika, maana pasipo manung'uniko hayo kipindi kitageuka kuwa cha kunakili kanuni ubaoni.

Upande wa jukwaa, tumeandika barua kwa wakabidhi tukiomba mambo matatu: orodha ya wazi ya wenye neno la siri, njia ya kukata rufaa kazi inapofutwa, na msemaji wa Kiswahili miongoni mwa wakaguzi. La mwisho wamelikubali, na "Mwanzo" imerudi mahali pake. Mawili ya kwanza bado. Wakati tukingoja, hatumpeleki tena mwanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha akiwa na anwani ya tovuti peke yake. Kila somo analokusudia kulitumia hulinakili katika diski mweko, na michoro yake huichora kwenye manila. Leseni inaruhusu kunakili, mradi jina la mtungaji liandikwe; basi liandikwe, hata kama mtungaji ni mwenzako wa chumba cha jirani. Nakala za masomo mia mbili na kumi zimo katika kabati la zana, rafu ya pili, pamoja na somo la vijiti na kadi sitini za yule binti wa Pangani, ambaye ametupa ruhusa. Ufunguo wa kabati unao wakufunzi wawili na mwanachuo mmoja anayechaguliwa kila muhula, na majina yao yamebandikwa mlangoni.